Je, nyumba za kupangisha hujilipa zenyewe? Hesabu ya tangazo moja la Kyaliwajjala

"Dabo nane, Kyaliwajjala, karibu na barabara. Kila moja laki nne. Zinaingiza milioni 3.2 kwa mwezi. Bei milioni 400, maongezi yapo. Hati ipo mkononi."

Tangazo hili la nyumba nane za kupangisha huko Kyaliwajjala, wilaya ya Wakiso, nje kidogo ya Kampala, Uganda, mtoto wa kaka yangu alinitumia saa nne usiku. Ni wakala wa forodha pale Busia. Yeye na dada yake walikuwa wameuza shamba la urithi, wakabaki na shilingi za Uganda milioni 120 wasizotaka ziyeyuke. Chini ya tangazo aliandika: "Shangazi, tukiweka hizi 120 na benki ikatujazia 280, nyumba si zitajilipa zenyewe?"

Swali hilo nalisikia kila mahali siku hizi, kwenye vikao vya SACCO, kwenye harusi, hata msibani. Simu zimejaa video za vijana waliosimama mbele ya mabati mapya wakisema pango ni pesa inayoingia ukiwa umelala. Watu wanawaamini, na wengine wananunua kwa akiba ya miaka mitano ya kazi za ndani Uarabuni. Pesa ya namna hiyo ikipotea hairudi. Kwa hiyo tulichukue tangazo hilohilo tulifungue polepole.

Tuanze na maneno. "Kodi" kwetu ina maana mbili, ya mpangaji na ya serikali, na mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Humu nitaita *pango* pesa anayotoa mpangaji, na *kodi* ile inayokwenda URA, mamlaka ya mapato. *Mapato ghafi* ni pango lote kabla hujagusa gharama hata moja. *Mapato halisi* ni kinachobaki baada ya gharama zote, ila kabla ya kulipa benki. *Kianzio* ni pesa yako mwenyewe unayoweka mezani. *Riba* ni bei ya kukodi pesa ya mwingine. *Dabo* ni chumba na sebule, na chumba kimoja tu Kampala huitwa muzigo, wingi mizigo.

Tofauti ya ghafi na halisi kila mwenye bodaboda anaijua. Dereva akikuletea shilingi 15,000 jioni, huziiti faida zote. Kuna oili, matairi, siku ambazo pikipiki imelala gereji, na siku ambazo dereva mwenyewe hakutokea. Cha kushangaza ni kwamba mtu huyohuyo akisikia "milioni 3.2 kwa mwezi" anazidisha mara 12 na kuanza kupanga maisha.

Haya, tuzidishe. Milioni 3.2 mara 12 ni milioni 38.4. Ukigawanya kwa bei ya milioni 400 unapata asilimia 9.6 kwa mwaka. Hiyo ni namba ya dalali, na hapo ndipo anapoishia.

Sisi tuendelee. Nyumba hazikai na watu mwaka mzima. Mpangaji anahama, unapaka rangi, wiki tatu zinapita. Mwingine analipa nusu na kuomba umvumilie. Mimi hukata asilimia 10 kwa ajili ya hayo, na kwa eneo lenye ushindani kama Kira, ambako Kyaliwajjala ipo, hiyo si hofu iliyozidi. Tunabaki na milioni 34.56.

Halafu inakuja kodi. Wengi wanaamini kodi ya mapato ya pango ni ya wenye maghorofa ya Kololo. Si kweli. Mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya mapato ghafi ya pango yanayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, na hakatiwi gharama yoyote kwanza. Hata mwenye mizigo mitatu anaweza kuwa ndani ya wavu huo. Kampuni zina utaratibu wao, zinaruhusiwa kutoa sehemu ya gharama lakini kiwango chao ni asilimia 30. Kwa mfano wetu, milioni 34.56 toa 2.82 inabaki 31.74, na asilimia 12 yake ni kama milioni 3.8.

Mlinzi ambaye ndiye pia anayefagia, tuseme 150,000 kwa mwezi, ni milioni 1.8 kwa mwaka. Kunyonya shimo la choo, taka, taa za uani na maji ya pamoja, milioni 1.8 nyingine. Ukarabati, yaani vitasa, mabati yanayovuja, sinki lililovunjika na rangi kila mpangaji anapotoka, milioni 3. Jumla ya gharama na kodi ni milioni 10.4. Mapato halisi ni kama milioni 24.15 kwa mwaka, au milioni 2 na kidogo kwa mwezi.

Asilimia 9.6 imekuwa 6. Na bado hatujahesabu ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya thamani unaolipwa wakati wa kuhamisha hati, ambao hapa ni milioni 6, wala wakili, mpimaji na mthamini. Tena tumelichukua tangazo kwa neno lake, kana kwamba kila mpangaji kweli analipa laki nne.

Sasa mkopo. Mikopo ya shilingi hapa kwetu hugharimu karibu asilimia 18 kwa mwaka, mingine chini kidogo, mingine juu. Nilimfanyia kijana huyo wa kaka yangu hesabu ya milioni 280 kwa asilimia 18, miaka 15. Marejesho ni kama milioni 4.5 kila mwezi. Nyumba zinaleta milioni 2. Pengo la milioni 2.5 litatoka mfukoni kwake, mwezi hadi mwezi, mpaka mtoto wake aliye chekechea amalize chuo.

Nilimwonyesha pia malipo ya mwezi wa kwanza peke yake. Katika hizo milioni 4.5, milioni 4.2 ni riba. Deni linapungua kwa shilingi laki tatu tu. Alinyamaza kwenye simu kwa muda, akaniuliza kama nimekosea sufuri. Sikuwa nimekosea. Kwa miaka 15 angelipa jumla ya milioni 811 kwa mkopo wa milioni 280.

Kiini cha jambo zima kipo hapa, na naomba msomaji akae nacho kidogo. Ukikodi pesa kwa 18 ukanunua kitu kinachozaa 6, kila shilingi ya mkopo inakula, hailishi. Anayenunua mkungu wa matoke kwa 18,000 na kuuuza kwa 6,000 hawezi kujiokoa kwa kununua mikungu mingi zaidi. Mafunzo mengi ya mtandaoni kuhusu kununua nyumba kwa pesa ya benki yametoka nchi ambazo mkopo wa nyumba ni wa asilimia 5, 6 au 7. Kule hesabu inaweza kukubali. Kuichukua mbinu hiyo na kuileta Wakiso bila kubadilisha riba ni kumpa mtu dawa ya mgonjwa mwingine.

"Lakini benki imekubali kunikopesha, si ina maana dili ni nzuri?" Hapana. Benki inaangalia kama *wewe* utalipa. Inapima mshahara wako au biashara yako, na inamtuma mthamini aandike bei mbili: bei ya soko, na bei ambayo nyumba ingepata ikiuzwa kwa haraka. Ile ya pili ndiyo inayoilinda benki. Ukishindwa, sheria ya rehani ya 2009 inakupa notisi ya siku 45 za kazi kurekebisha deni, kisha notisi ya siku 21 za kazi kabla ya kuuza. Benki inaweza kutoka salama katika dili ambayo wewe umeungua.

Wengine hukwepa benki na kwenda kwa wakopeshaji wadogo, na hapo kuna mtego wa neno moja: flati. Riba ya flati huhesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, hata kama umesharudisha nusu. Riba ya salio linalopungua huhesabiwa juu ya deni lililobaki tu. Chukua milioni 20 kwa miezi 24, asilimia 2 kwa mwezi. Kwa flati utalipa riba ya milioni 9.6. Kwa salio linalopungua ni kama milioni 5.4. Namba iliyoandikwa ukutani ni ileile, "asilimia 2". Kabla ya kusaini chochote, omba ratiba ya marejesho iliyochapishwa na ujumlishe safu ya mwisho mwenyewe.

Mkopo wa dola? Riba yake huwa chini, ni kweli. Ila wapangaji wa dabo wanalipa shilingi. Dola ikipanda, deni lako linapanda na pango linabaki palepale.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo sitaki kuipita: "Nyumba inapanda bei." Ni hoja ya kweli, na watu walionunua viwanja Najjera zamani wanaijua vizuri. Bei ya ardhi karibu na Kampala imepanda kwa miaka mingi. Ila kupanda kwa bei hakulipi marejesho ya mwezi huu. Na si kila ardhi hupanda. Waliojenga kwenye kinamasi cha Lubigi, kando ya Kampala, waliona nyumba zao zikibomolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira, mwaka 2024. Kiwanja cha bei ya kutupa kilicho bondeni, penye mafunjo nyuma ya uzio, kina sababu ya kuwa na bei hiyo.

Ukitaka kujua kama asilimia 6 ni nyingi au kidogo, linganisha na kitu kisichohitaji fundi bomba. Hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali pesa yako kwa riba, huuzwa kupitia Benki Kuu ya Uganda kuanzia shilingi 100,000, na zile za miaka kumi zimekuwa zikitoa zaidi ya asilimia 14 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, kabla ya kodi ya zuio, ile inayokatwa riba kabla haijakufikia. Hazipandi bei kama ardhi, wala huwezi kumrithisha mjukuu chumba ndani yake. Lakini kama nyumba inakupa 6 na usumbufu wote, lazima uwe na sababu nzuri ya kuichagua, na uweze kuitamka.

Kijana hakukata tamaa mara moja. Akasema: "Basi nitaongeza pango." Nikamwambia twende kwanza tukaone.

Tulikwenda mara mbili, mchana na dalali, na usiku peke yetu. Mchana kila kitu kilipendeza. Mapazia kwenye kila dirisha, uani kumefagiliwa. Saa mbili usiku tulikaa kwenye kibanda cha rolex, chapati ya kuviringisha na mayai, ng'ambo ya barabara, tukaagiza mbili na kuhesabu taa. Saba zinawaka. Ile ya mwisho, kwenye mteremko, giza, pazia likiwa palepale. Mama wa kibanda, bila hata kuulizwa sana, alisema: "Hiyo mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka sebuleni. Watu wanaingia, wanatoka."

Kesho yake tuliongea na wapangaji. Mmoja, mwalimu, alitufungulia simu na kutuonyesha ujumbe wa malipo yake: shilingi 320,000. Watatu walikuwa wanalipa hivyo, wakaaji wa muda mrefu. Laki nne walikuwa wanalipa wanne tu, waliokuja karibuni. Pango la kweli lilikuwa milioni 2.56 kwa mwezi, si 3.2. Na kati ya hao wanne, wawili walikuwa wametoka kulipa miezi mitatu mbele. Pesa hiyo ilikuwa imeshaingia kwa muuzaji. Mnunuzi angepokea funguo, na kwa nyumba hizo mbili asingepokea chochote hadi robo ya mwaka ipite. Malipo ya mbele na pesa za amana za wapangaji lazima ziandikwe kwenye mkataba wa mauzo na zikatwe kwenye bei. Wauzaji wengi hawalisemi hili hadi uulize.

Na ile ya kuongeza pango? Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inaweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka. Anayelipa 320,000 atafika 352,000 mwaka wa kwanza, 387,200 wa pili, na ndipo wa tatu avuke laki nne. Hiyo ni kama hatahama kwanza. Sheria hiyohiyo hairuhusu kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama, kwa hiyo wale wanaong'oa mlango au mabati ili mtu aondoke wanajitafutia kesi. Weka muda wa kufuatilia madeni ndani ya hesabu yako, usiuweke kwenye sala.

Sasa hati, "ipo mkononi". Hati mkononi si hati kwenye rejista. Kwa Kyaliwajjala unakwenda ofisi ya ardhi ya kanda ya Wakiso, unalipia upekuzi, na unajua jina la mwenye hati ni la nani na kama kuna rehani au zuio juu yake. Kisha unapeleka mpimaji aliyesajiliwa ahakikishe kwamba hati ile ni ya kiwanja kile unachokanyaga. Unamwona mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya kijiji, na majirani wa mipaka. Kama familia inaishi hapo au inaishi kwa kutegemea ardhi hiyo, ridhaa ya mume au mke lazima iwepo kwa maandishi. Nimeona mauzo yakisimama kwa sababu ya sahihi moja ya mke aliyekuwa kijijini, na nadhani sheria ilifanya haki kumsubiri.

Katika Buganda, ambako Kyaliwajjala ipo, kuna jambo la ziada linalowachanganya hata wazaliwa. Mkataba wa Buganda wa 1900 ulizaa ardhi ya mailo, ambayo mtu anaimiliki kwa hati milele. Juu ya ardhi hiyohiyo wanaweza kuwa wanaishi wenye bibanja, watu wenye haki ya kukaa na kutumia, wanaolipa busuulu, ada ya ardhi ya kila mwaka, kwa mwenye hati. Ni haki mbili juu ya udongo mmoja. Ukinunua hati yenye bibanja, umenunua ardhi pamoja na watu wake, na tangu marekebisho ya sheria ya 2010 huwezi kuwatoa isipokuwa kwa amri ya mahakama na kwa sababu ya kutolipa busuulu. Ukinunua kibanja, umenunua haki ya kukaa, na unahitaji ridhaa ya mwenye hati. Kibanja ni rahisi kwa bei, lakini benki nyingi hazikipokei kama rehani. Kwa hiyo anayepanga kukopa baadaye ili amalizie ujenzi ajue hilo kabla hajalipa. Mgeni asiye raia hawezi kumiliki mailo wala ardhi huru (freehold), ana nafasi ya kukodi kwa muda tu, hadi miaka 99.

Nikiwa na tangazo lolote, swali langu la mwisho ni moja: kwa mapato halisi haya, bei gani ingenifaa *mimi*? Hata tukikubali yale milioni 24.15 ya karatasi, anayetaka asilimia 10 kwa pesa yake anaweza kulipa kama milioni 240. Bei ya mwenye mali inaonyesha matumaini yake. Ile ya kwako inatoka kwenye mapato. Zikikutana, mnaongea. Zisipokutana, unaaga vizuri.

Je, mkopo haufai kabisa? Unafaa pale ambapo ni mdogo, mfupi, na unalipwa na mapato mengine yaliyo thabiti. Milioni 15 za SACCO za kumalizia paa la nyumba ambayo wapangaji wake wanasubiri nje si sawa na milioni 280 za kununua ndoto ya mtu mwingine. Ndiyo maana wengi wetu hujenga kidogokidogo. Nilikuwa nadhani ni umaskini wa mipango, na sasa naona ni akili ya watu wanaojua riba ilivyo. Vyumba viwili vinaanza, pango lake linanunua matofali ya vingine viwili. Ni mwendo wa polepole, bei ya saruji inakukimbia wakati mwingine, na mafundi wanahitaji jicho. Lakini mwezi mbaya ukija, hakuna anayekuandikia notisi.

Kijana na dada yake walimtajia muuzaji bei yao, milioni 230. Dalali hakupiga tena simu. Walitafuta miezi mitano, wakapata kiwanja cha futi 50 kwa 100 upande wa Mukono, hati ikapekuliwa mara mbili, na ramani ikapitishwa na halmashauri. Pesa iliyobaki ilitosha dabo mbili, na zimeshapata watu, nesi na fundi simu, kila mmoja na mita yake ya Yaka, umeme wa kulipia kabla. Shimo la maji taka walichimba la nyumba sita.